Kinyozi Hajinyoi

Jikoni kuna imani isiyohojiwa: kitu kinachoosha kila siku hakiwezi kuwa kichafu. Sponji inashinda ndani ya povu, itachafukaje? Beseni halikosi sabuni asubuhi na jioni, lioshwe la nini? Na mashine ya kuosha vyombo, inayojifungia na maji ya moto na sabuni kali kwa zaidi ya saa nzima, hiyo ndiyo isiguswe kabisa. Ikianza kunuka, dawa yake inajulikana: kata limao, litupie ndani, washa, na ukifungua mlango utapokewa na harufu ya bustani. Ndani ya dawa hiyo imejificha imani ya pili, kwamba kinachonukia vizuri ni kisafi.

Imani zote mbili si kweli, na zote zina gharama yake. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Mashine inayoosha sahani zako haiwezi kujiosha, na sababu ni zilezile zinazoifanya ioshe vizuri. Harufu ya limao nayo haithibitishi chochote ila kuwapo kwa limao.

Najua mkazi wa Kilosa mjini, Kimamba au Rudewa anaweza kuguna: mashine ya kuosha vyombo, kwetu? Ana haki ya kuguna. Kwa nyumba nyingi za wilaya ya Kilosa, mashine ni mikono miwili, beseni, sponji na kichanja cha miti uani. Nitafika huko, maana kosa ni lilelile. Lakini mashine yenyewe nayo si ngeni, hasa upande wa Mikumi. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964 na yenye ukubwa wa kilomita za mraba 3,230, imekatizwa na barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Iringa, Mbeya na Zambia, na wageni wake wanahitaji pa kulala na cha kula. Loji ya vyumba vichache ikiamua kununua mashine, hailazimiki kuchukua dude la hoteli kubwa. Ile ya nyumbani, inayomeza sahani za watu 12 au 14 kwa mkupuo, inatosha. Hiyo ndiyo ninayoizungumzia.

Kwanza tuelewe inavyofanya kazi, kwa kuwa imani ya kwanza inakufa hapohapo. Mmarekani Josephine Cochrane alipopata hataza ya mashine yake tarehe 28 Desemba 1886, wazo lake kuu lilikuwa kwamba sahani zitulie kwenye rafu za waya na maji ndiyo yazifuate kwa nguvu. Hakuwa akiwaza vijidudu. Alichoshwa na watumishi waliokuwa wakimvunjia kingo za sahani zake za thamani wakiziosha kwa mikono. Wenye hoteli na mikahawa waliipenda, hasa baada ya maonyesho ya dunia ya Chicago ya mwaka 1893, na wazo hilo halijabadilika hadi leo. Kilichobadilika ni kiasi cha maji.

Mashine ya siku hizi hubana maji kwelikweli. Huvuta lita tatu au nne, yakakusanyika kwenye kishimo kilicho chini. Pampu huyavuta, ikayarusha kupitia mabawa yenye matundu yanayozunguka. Yakagonga sahani, yakashuka na mabaki, yakapita kwenye kichujio, yakavutwa tena. Maji yaleyale huzunguka hivyo kwa dakika nyingi kabla ya kumwagwa na kuvutwa mengine. Ndiyo maana kazi nzima humalizika kwa lita 10 hadi 15 tu. Lakini maana yake nyingine ni kwamba kila kilichotoka kwenye sahani lazima kipite kwenye kichujio, na kazi ya kichujio ni kushika. Chembe za wali, nyuzi za nyama, maganda ya nyanya, mbegu za pilipili, mafuta ya kukaangia yaliyoganda: vyote hubaki pale, na mzunguko wa kesho utaviloweka upya na kuviongezea vingine. Hakuna mkono wa siri unaovitoa usiku. Baadhi ya mashine za bei ghali zina kisagio kinachosaga mabaki, lakini nyingi zinazouzwa sasa hutegemea kichujio cha kutoa kwa mkono, na aliyetengeneza alikiweka cha kutoa kwa mkono kwa sababu alijua kitatakiwa kutolewa.

Kichujio hakiko peke yake. Mpira unaoziba mlango una mkunjo kwenye ukingo wa chini ambako maji ya kurushwa hayafiki, ila mafuta na makombo hufika. Matundu ya mabawa huzibwa na mbegu na ukoko mweupe wa chokaa. Bomba la kumwagia maji machafu, likilala chini bila kuinuliwa, huruhusu maji ya sinki kurudi ndani ya mashine. Na mtu anaweza kutumia mashine miaka mitatu bila kuona hata sehemu moja kati ya hizo, kwa sababu sahani zinatoka zinang'aa.

Hayo ni ya mashine popote ilipo. Ikiwa Mikumi au Kilosa, huongezewa matatu ambayo mwandishi wa mwongozo wake hakuyawazia. La kwanza ni umeme. Kituo cha umeme wa maji cha Kidatu, chenye uwezo wa megawati 204, kiko kwenye barabara ya kushuka kutoka Mikumi kwenda Ifakara, lakini jirani wa bwawa hana upendeleo: umeme huingia kwanza gridi ya Taifa, na laini ya kwenu ikipata hitilafu utakaa gizani kama wengine. Umeme ukikatika katikati ya mzunguko, maji machafu ya vuguvugu hubaki kishimoni na mlango umefungwa. Mtu huzima swichi akiogopa umeme usirudi na kishindo, kisha anasahau. Usiku mmoja wa joto la Mikumi unatosha kuyageuza maji hayo kuwa kitu kingine.

La pili ni msimu. Wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, wageni wa hifadhi hupungua na jiko la loji hupumzika. Mashine inaweza kukaa wiki kadhaa haijawashwa, imefungwa vizuri ili vumbi lisiingie. Ndani yake kuna maji kidogo ambayo kwa kawaida hayatoki yote, na makombo ya mgeni wa mwisho. Anayeifungua Juni hulaumu mashine, wakati kosa lilikuwa kuifunga.

La tatu ni maji. Nyumba inayotegemea vijito na mito huletewa udongo kila mvua zinapozidi, na hakuna haja ya kuwaeleza watu wa Kilosa jinsi mto unavyobeba udongo, waliouona Mkondoa ukivunja kingo zake mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 na kusomba makazi na reli. Udongo huo huziba chekecheke dogo lililopo mahali mpira wa maji unapoingia kwenye mashine, mashine ikavuta maji pungufu, na maji pungufu hayaoshi. Nyumba ya kisima kirefu nayo yaweza kuwa na maji mangumu. Kipimo chake ni birika: kama lina ukoko mweupe ndani, ukoko huohuo unajengeka kwenye mashine, na mafuta hushika vizuri zaidi kwenye ukoko kuliko kwenye chuma laini.

Sasa tuje kwenye harufu. Harufu mbaya ya mashine haitokani na uzee wa chuma. Ni kazi ya bakteria na kuvu wanaokula mabaki. Protini za mayai, nyama na samaki zikivunjwavunjwa hutoa gesi zenye salfa na nyingine zinazokumbusha shombo. Mafuta yakikaa huchacha. Wanga wa ugali ukiloa huchachuka. Ilimradi chakula kipo, unyevu upo na joto lipo, wafanyakazi hao hawapumziki. Manukato hayawagusi. Yanachofanya ni kuiambia pua yako habari nyingine kwa saa kadhaa. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mficha harufu huumbuliwa na joto la mchana unaofuata.

Hapa mtetezi wa limao atasema nimemwonea. Limao lina asidi, na asidi huondoa chokaa. Ni kweli kabisa, na hoja hiyo inastahili kujibiwa kwa hesabu, si kwa kejeli. Limao moja la kawaida hutoa mililita 40 hivi za maji yake, na asidi ya sitriki iliyomo ni kama sehemu tano katika mia. Hiyo ni gramu mbili. Kuondoa ukoko kwenye mashine nzima huchukua gramu 100 hivi za asidi hiyohiyo ya unga. Ungehitaji malimao 50, na ukiyakamua yote utakuwa umetengeneza juisi ya harusi. Tena lile limao lililokatwa nusu na kutupiwa ndani halikamuliwi. Linachemshwa tu, likiacha mbegu na nyama yake kwenye kichujio kilekile kilichokuwa kinalalamika.

Siki ina nguvu zaidi ya limao moja, na kwa ukoko mwepesi husaidia. Lakini angalia inavyotumiwa. Mtu humimina kikombe cha siki chini ya mashine, anafunga mlango, anawasha. Kitu cha kwanza ambacho karibu kila mashine hufanya inapowashwa ni kumwaga kilichopo kishimoni. Siki yote inaondoka kabla ya kugusa chochote, na mwenye nyumba anapewa harufu ya achari kama risiti. Wengine, kwa kutaka uhakika, huchanganya siki na bikaboneti ya soda ili ifure. Ule mfuro unapendeza macho, ila ni asidi na alkali zikiuana. Kinachobaki ni maji, chumvi dhaifu ya siki, na gesi ileile ya kwenye soda ya chupa iliyokwisha pepea. Kila kimoja peke yake kina kazi: siki kwa chokaa, bikaboneti kwa kusugulia na kupunguza harufu ya asidi za mafuta. Vikiwa pamoja kwa vipimo sawasawa, havina kazi.

Kuhusu Jiki, ile dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, nitasema kwa ukali kidogo. Jiki huua vijidudu, hilo halina ubishi, lakini haiyeyushi mafuta wala haiondoi ukoko, na vijidudu vilivyo chini ya utando wa mafuta hukaa salama. Pia hula chuma kisichoshika kutu, lile bati zuri la ndani ya mashine, ikiacha vidoa vya kutu. Kubwa zaidi, Jiki ikikutana na siki au asidi nyingine hutoa gesi ya klorini, na klorini huumiza mapafu. Mtu aliyetia siki jana, leo haijasaidia, akaongeza Jiki, kisha akainama kuchungulia, amejitengenezea sumu kwenye jiko lisilo na dirisha. Hakuna harufu ya mashine inayostahili hatari hiyo.

Inabaki ngome ya mwisho ya imani ya kwanza: maji ya moto huua kila kitu. Mashine ya nyumbani hufanya kazi kati ya nyuzi 50 na 70 za Selsiasi. Huo ni moto wa kutosha kuyeyusha mafuta na kupunguza sana bakteria kwenye sahani, na sahani zinazotoka mashineni kwa kawaida ni safi kwelikweli. Lakini mwaka 2011 watafiti wa Slovenia walichapisha matokeo ya kuchunguza mipira ya milango ya mashine 189 za nyumbani katika miji 101 ya mabara mbalimbali. Walikuta kuvu katika asilimia 62 ya mashine hizo, na zaidi ya nusu ya hizo zilikuwa na kuvu nyeusi ya jamii ya Exophiala, inayovumilia joto, chumvi na sabuni kali. Yaani mazingira tuliyodhani yanaua yote yalikuwa yamechagua wababe na kuwafukuzia washindani. Tusitishane: kwa mtu mwenye afya njema kuvu hiyo si janga, ingawa kwa wenye maradhi fulani ya mapafu inaweza kuwa shida. Ninachotaka tuchukue hapo ni kimoja tu. Joto pekee halikuziosha mashine zile.

Kama limao, siki, Jiki na moto havitoshi, kinachotosha ni nini? Jibu halina mvuto wa matangazo: kutoa mabaki kwa mkono, kisha kukausha. Mara moja kwa wiki, au mara mbili jiko likiwa na wageni wengi, toa rafu ya chini, zungusha kichujio kitoke, kioshe kwenye beseni kwa maji ya moto, sabuni ya kawaida na mswaki wa zamani. Pangusa kishimo, ukiangalia vipande vya glasi kabla ya kuingiza vidole. Pitisha kitambaa chenye sabuni kwenye mkunjo wa mpira wa mlango, hasa chini. Chomoa mabawa, yatikise, zibua matundu kwa kijiti cha meno. Hakikisha bomba la maji machafu limeinuka juu kabla ya kushuka kwenye sinki. Hapo ndipo kemikali inapopata nafasi yake. Kama birika lako lina ukoko, endesha mashine tupu kwa joto la juu, subiri ivute maji ya kuosha, kisha fungua na umimine gramu 100 za asidi ya sitriki ya unga, ile inayotumiwa na watengeneza juisi. Mara moja kwa miezi miwili au mitatu inatosha. Baada ya kazi ya kila siku, acha mlango wazi kidogo. Kabla ya msimu wa kufunga loji, futa maji ya kishimoni kwa kitambaa na uuache mlango wazi msimu wote, ukihofia panya weka wavu.

Yapo pia ya kutofanya. Vidonge na unga maalumu wa mashine havipatikani kila duka la Kilosa, na jaribu la kutia sabuni ya maji ya kuoshea vyombo ni kubwa. Usitie. Povu lake hujaza mashine, pampu ikavuta hewa badala ya maji, na sahani zikatoka zimelowa tu. Sufuria za alumini zibaki nje, kwa sababu sabuni ya mashine ni kali na huzigeuza nyeusi. Mwiko wa mbao nao hupasuka. Ugali uliogandia kwenye sufuria ulowekwe kwa maji baridi, usipelekwe kwenye kichujio kukagandia huko.

Sasa turudi uani, kwenye beseni na kichanja, ambako ndiko wengi wetu tunaosha. Imani ni ileile na imejikita zaidi, maana hapa hakuna hata taa ya kuwaka ikakukumbusha. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Furtwangen, Ujerumani, walichunguza sponji 14 zilizotumika majikoni. Katika sentimita moja ya ujazo walikuta bakteria hadi bilioni 50 hivi, msongamano unaofanana na wa kinyesi, na sponji ambazo wenyewe walisema huzisafisha mara kwa mara hazikuwa na bakteria wachache kuliko nyingine. Mmoja wa bakteria hao waliotawala anajulikana kwa kutoa ile harufu ya nguo iliyokaa imeloa. Watafiti wa taasisi ya Nofima, Norway, nao walilinganisha sponji na burashi, wakakuta kwamba salmonela hudumu kwenye sponji inayobaki imeloa, lakini hufa kwenye burashi inayoachwa ikauke. Tofauti haikuwa sabuni. Ilikuwa ukavu.

Hilo linampa mkulima wa Kilosa faida asiyoijua. Dodoki linalotambaa kwenye ua wa nyumba ni la bure, hubadilishwa kila likichoka, na likitundikwa juani hukauka kwa saa chache. Mwenye jiko la vigae hununua sponji mbili kwa pakiti, moja ikakaa pembeni mwa sinki mwezi mzima ikiwa mbichi ndani, kwa sababu inanukia sabuni ya limao. Kwa kigezo cha usafi, dodoki limeshinda. Lakini ushindi huo ni wa kukauka, si wa asili. Dodoki lililosahauliwa ndani ya beseni la maji litanuka vilevile.

Pale Mikumi mjini, malori yanaposimama na madereva kushuka kula, utaona mfano wa pili. Saa saba mchana sahani zinazunguka upesi: mteja anainuka, sahani inaingia beseni la kwanza lenye povu, inachovywa kwenye la pili la kusuuza, inapanguswa, inarudi mezani. Mama lishe makini hubadilisha maji ya kusuuza mara kwa mara na kuacha sahani zijikaushe zenyewe. Asiye makini huendelea na beseni la pili lilelile mpaka maji yanapata rangi ya mchuzi, kisha hukausha sahani zote kwa kitambaa kimoja. Beseni la pili limeacha kusuuza, linagawa. Na kwa kuwa la kwanza lina povu linalonukia, mteja hashtuki. Nchi yetu inajua gharama ya mnyororo wa namna hii. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 ulienea mikoa mingi, Morogoro ukiwamo, na magonjwa ya namna hiyo husafiri kwa maji, mikono na chakula. Beseni la tatu lenye maji safi na Jiki kijiko kimoja kikubwa kwa lita nne, sahani zikikaa humo walau dakika moja baada ya kuoshwa na kusuuzwa, linafanya kazi ambayo manukato hayawezi. Hapo ndipo Jiki inapostahili kuwa, mwishoni, kwenye chombo ambacho mafuta yameshatoka.

Nakubali kwamba kichanja nacho si kinga kamili. Vumbi la barabara, inzi na kuku wanaorukia hupunguza thamani ya jua, na chandarua kikuukuu juu ya vyombo si anasa. Nakubali pia kwamba kwa mwenye biashara ya wageni, harufu nzuri ina thamani yake. Hakuna mgeni anayetaka kunywa chai kwenye kikombe chenye shombo. Sipingi limao kuwekwa mwishoni, baada ya kichujio kuoshwa. Napinga kuwekwa badala yake.

Kuna pingamizi moja zito zaidi. Mtu aweza kusema: harufu mbaya hunijulisha uchafu, kwa nini harufu nzuri isinijulishe usafi? Kwa sababu harufu mbaya hutolewa na uchafu wenyewe, lakini harufu nzuri haitolewi na usafi. Inaongezwa na mtu. Sahani safi hainuki chochote, kama maji safi yasivyo na harufu. Kipimo cha kweli cha mashine ni kuifungua asubuhi kabla haijawashwa, bila limao wala kidonge cha kutundika, ukanusa. Ukikuta hakuna kitu, umeshinda. Ukikuta bustani, hujui bado.

Swali la mwisho ni kwa nini imani hizi zinadumu wakati dawa ni ya dakika 15 na haina gharama. Zamani kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilikusanya watu wazima kwenye vikundi vya kusikiliza redio, wakajadili, kisha wakainuka kuchimba vyoo na kusafisha mazingira. Usafi ulifundishwa kama kazi. Leo mwalimu wetu mkubwa wa usafi ni tangazo, naye hufundisha kupitia pua, kwa sababu harufu huwekwa kwenye chupa ikauzwa na kuosha kichujio hakuuziki.

Lakini tusilitupie tangazo lawama zote. Mashine hununuliwa na mtu mmoja na kutumiwa na mwingine. Mwongozo wake, wa Kiingereza au Kijerumani, hubaki kwenye droo ya mwenye loji, wakati dada anayepanga sahani hakuwahi kuambiwa kwamba chini ya rafu kuna kitu kinachozungushwa na kutoka. Harufu ikianza, huitwa mzembe, kisha hupewa limao. Mwenye nyumba au meneja anayetaka mashine isiyonuka aanze kwa kumwonyesha kichujio kwa mkono wake mwenyewe, aandike kwa Kiswahili ukutani siku ya kukiosha, na robo saa hiyo aihesabu kuwa kazi inayolipwa kama kazi nyingine. Akiisha kufanya hivyo, na harufu ikarudi, hapo ndipo ana haki ya kumuuliza mtu. Kabla ya hapo, wa kuulizwa ni yeye.